Daftari la Mabehewa

Kwetu Lubumbashi treni tunaiita mashua,
na bahari hatuijui.
Baba yangu, Fabien Chisenga, alikuwa karani wa mashua hizo,
dirisha la tatu, penye ubao uliopinda.
Alikuwa na mwandiko mzuri. Nianze na hilo,
maana hata leo ndilo linaloniuma.

Daftari lake lilikuwa na safu tano:
namba ya behewa, aina ya shehena, uzito,
litokako, liendako.
Miaka kumi na tisa alijaza: shaba. Mahindi. Saruji.
Shaba. Shaba.
Ng'ombe, mara moja, ishirini na wawili.

Kisha mwaka ule majirani wakaanza kuitwa wadudu.
Kwanza redioni, kisha uwanjani kwenye mkutano,
kisha mwalimu wetu wa hesabu,
kisha mtoto mwenzangu, mdomo umejaa bukari.

Mama Tshiela, aliyenishonea sare ya shule
bila utepe, kwa kunikadiria kwa jicho,
akaambiwa arudi kwao.
Kwao wapi?
Alizaliwa Kamalondo. Kasai aliijua
kwa jina la mjomba mmoja na kibembelezo cha mtoto.
Babu yake ndiye aliyeletwa, enzi ya Mbelgiji,
kwa reli hii hii, kibati cha namba shingoni,
aje kuchimba shaba.
Reli haikumuuliza babu.
Haikumuuliza mjukuu.

Wakalala stesheni wakingoja mashua,
wiki ya kwanza, ya pili, ya sita.
Mvua za Novemba zikaanza.
Waliong'oa milango ya nyumba zao wakaja nayo
wakaisimamisha, ikawa kuta,
na wengine bado walibisha hodi kabla ya kuingia.
Kuhara kukaingia bila hodi.

Mchana nilimpelekea baba chakula.
Nilijifunza kupita katikati yao bila kukanyaga mkono wa mtu.
Siku moja Odia, binti wa Mama Tshiela,
tuliyekaa naye dawati moja,
alinyanyua uso akanitazama.
Nikatazama sufuria.
Ilikuwa sombe na samaki. Sijasahau.

Baba hakumpiga mtu. Hakutukana.
Saa kumi na mbili alirudi, akanawa mikono hadi kwenye viwiko,
akauliza habari za masomo.
«Kalamu haimwagi damu,» alimwambia mama usiku,
wakidhani nimelala.
Ni kweli. Kalamu humwaga wino.

Alipokufa, nilipewa sanduku lake.
Koti la reli, filimbi, daftari.
Nilifungua mwaka ule nikiwa nimesimama,
nikamaliza nimeketi sakafuni.

Behewa 4417. Aina ya shehena: *nyinginezo.*
Uzito: *tani tano na nusu, kwa makadirio.*
Alikadiria vipi? Alitoa milango? Alihesabu watoto nusu?
Litokako: *Lubumbashi.*
Liendako:
hapo ilitakiwa jina la stesheni, Mwene-Ditu au Kananga,
wino ule ule wa buluu, herufi zilizolala vizuri,
ameandika *kwao.*

Na mstari wa chini, siku kumi na moja baadaye:
*4417. Limerudi tupu. Limeoshwa.*

Sikutafuta tena. Nilitaka kukuta jina pembezoni,
kwa penseli, hata moja, hata limefutwa.
Pembezoni pana hesabu za karo yangu.

Cherehani ya Mama Tshiela ipo kwetu.
Aliiacha asubuhi ile, «mnitunzie,» akasema,
hakusema hadi lini, mama hakuuliza.
Tumeifunika kitambaa. Kila Jumamosi naipaka mafuta.
Uzi aliouacha ni wa buluu, ule wa sare.

Usiku mashua ya shaba inapopita,
vyombo hugongana kabatini,
na chini ya kitambaa
sindano hutetemeka.